Kibanda cha simu sokoni Tabora kilichomrudisha baba yangu kwa wenzake

Naandika hii kwa wale mnaoulizaga kila siku mzee nimnunulie simu gani. Simu yoyote tu jamani. Kazi ni nani atamfundisha, maana mimi nilijaribu mwenyewe nikashindwa, tukanuniana na baba karibu wiki nzima.

Baba ni mstaafu wa reli, alikuwa gadi wa treni, kafanya njia ya Tabora Kigoma miaka na miaka, hata umwamshe usiku wa manane atakutajia Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza bila kuruka. Wenzake sasa wametawanyika, mwingine Morogoro, mwingine Mwanza, mwingine karudi kwao Kasulu, na yeye yuko hapa Cheyo na kitochi chake ambacho nusu ya namba ukipiga hazipatikani. Mwaka juzi kapata habari za kifo cha rafiki yake miezi saba baada ya mazishi, kaambiwa pale stesheni na abiria aliyeshuka tu na treni wakawa wanasalimiana. Siku hiyo alirudi nyumbani hakula. Ndo nikasema huyu lazima aingie WhatsApp.

Nikanunua simu ya tachi iliyotumika, tukakaa barazani, na kila akichelewa kubonyeza mimi naipokonya, "lete baba nikuwekee". Siku ya tatu akaniwekea simu mapajani, chukua simu yako mama, mimi nimezeeka siyo mjinga.

Kibanda chenyewe kipo upande wa soko kuu, jina silitaji kwa sababu nina lawama pia, ila ni vile vya kuuza kava na chaja na kurekebisha vioo, kuna kijana mle ndani anafundisha wazee kwa elfu kumi na tano, unaenda mara tatu. Nilienda nikiwa sina imani kabisa. Kitu cha kwanza alichofanya yule kijana, baada ya shikamoo mzee na habari za nyumbani na maneno mawili matatu ya Kinyamwezi, aliweka mikono yake nyuma ya mgongo. Hajaigusa ile simu hata mara moja, nakwambia ukweli, kama dakika arobaini. Baba anabonyeza, haikubali, anabonyeza tena, na mimi natokwa jasho natamani kuinuka. Kumbe tatizo ni kidole! Dole gumba la baba limekauka na ni gumu kama kigae, kioo hakilisikii. Kijana akatoa kitambaa kina maji kidogo, akamwambia mzee futa kidole kwanza, halafu gusa, usikandamize, gusa kama unaonja uji kama una moto. Ikafunguka. Mimi siku tatu nilikuwa nasema "bonyeza kwa nguvu baba".

Halafu hakumfundisha kuandika. Alimuuliza mzee unataka kuongea na nani, basi wakaanza na sauti. Mwanzoni baba alikuwa anaachia kile kimaiki mapema, akamtumia mwenzake wa Morogoro "haloo" saba mfululizo, mpaka akaonyeshwa kuwa ukishika ukasukuma kidole juu inajifunga, unaongea hata ukiwa unakunywa chai. Maandishi yakakuzwa, wale watu watatu anaowataka zaidi wakabandikwa juu kabisa. Na akaambiwa mambo mawili ya matapeli: ile namba ya tarakimu sita ya WhatsApp usimpe mtu hata akisema ni mimi mwanao, na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" unazirusha kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli. Baba kairusha moja siku hiyohiyo, akajisikia askari.

Sasa lawama. Kiti ni kimoja! Unafundisha wazee halafu una kiti kimoja, siku ya pili tulimkuta bibi mmoja kakalia ndoo. Na duka la jirani lina spika kubwa, mzee ambaye masikio yameshaanza kuchoka anasikia nini pale. Kubwa zaidi, hawakuzima ile kitu ya picha na video kujipakua zenyewe. Tulinunua kifurushi cha wiki, siku ya pili hamna MB hata moja, kumbe grupu la wastaafu wanarushiana mahubiri na video za maua za habari za asubuhi kuanzia saa kumi alfajiri, na zote zinaingia tu. Niliporudi kuuliza tajiri mwenye duka akanijibu kama namdai, kijana ndo akaomba radhi akamuonyesha baba pa kuzima. Hilo lilitakiwa liwe somo la kwanza, wazee wengi MB zikiisha wanajua simu imekufa, wanaitupia kabatini.

Ila matokeo mimi nimeyaona kwa macho. Kuna Mzaramo mmoja wa kule Gongo la Mboto alikuwa dereva wa treni, mtani wake, huyo kila asubuhi anamtumia sauti ya kumtukana kiutani, Mnyamwezi uliyebeba mizigo ya watu mpaka pwani leo umeshindwa kubeba simu, na baba anacheka peke yake barazani mpaka anakohoa, halafu anafuta kidole kwenye kanzu, anamjibu dakika nne nzima. Mwezi uliopita mwenzao wa Mwanza alifariki, baba kajua siku ileile, wakachangishana rambirambi kwenye grupu, na yeye ndo aliyetuma sauti ya pole kwa mjane.

Elfu kumi na tano siyo ndogo, ila nenda, nenda asubuhi kabla ya lile spika halijaanza, na beba kigoda. Jumamosi nampeleka mama mdogo. Kasema yeye hataki magrupu yenu hayo, anataka tu amuone mjukuu wa Kahama kama kweli kaota meno.