Nimefunga 5.7 ya V8 kwenye boti ya mbao ya skii, haya ndo maoni yangu

Wakuu hii rivyuu ni ya mtu mwenye boti ya zamani ya mbao ya kuvutia skii, zile injini iko katikati na shafti inatoka moja kwa moja hadi kwenye propela, na anawaza kung'oa mashine ya kizee aweke mpya. Yangu ni Chris-Craft ya futi 17 ya miaka ya 60, ilikuja na 283 (V8 ya Chevrolet, namba ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo). Sasa hivi ina 5.7 ya lita (wengine wanaiita 350, kwa inchi hizohizo) ya bloku ya GM, kampuni mama ya Chevrolet, ya kabureta, iliyoundwa kwa ajili ya majini tangu mwanzo na sio injini ya gari iliyopigwa rangi ya boti. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile nyota moja niliyoikata wala sio kosa la injini sana.

Tuanze na utamu. Ile 283 ilikuwa inaandikwa hp 185. Hii 5.7 yenye silinda hedi za Vortec na kabureta inacheza kwenye 250 hadi 300 hivi kutegemea na nani kaifunga na kaifungaje. Ila kwenye skii hp ya kwenye karatasi ni ya kutambia tu, unachokitaka ni msuli wa chini, yaani nguvu injini ikiwa bado inazunguka polepole, mtu mzito kakaa majini na skii moja mguuni ukimpa gesi anyanyuke fasta asiburuzwe akinywa maji. Hapo 5.7 haina mpinzani kwa kweli. Na akishasimama mwendo unakaa, slalom ya mashindano (kukata kona kwa skii moja kuzunguka maboya) wanaume wanavutwa 58 km/h na wanawake 55, sasa mtu akikata kona kali anaivuta boti nyuma, 283 ilikuwa inazama mwendo mpaka unausikia kwenye mlio, hii inakohoa kidogo tu inaendelea na safari.

Kilichonifanya niichague hii na sio Ford au LS (V8 za GM za kizazi kipya) ni ukoo. 283, 327 na 350 zote ni smoli bloku ya Chevrolet ileile iliyozaliwa 1955, kwa nje bloku zinalingana, matundu ya bolti za nyuma yako palepale, na miguu ya injini za V8 za boti za namna hii kawaida inapishana inchi 22.5 katikati kwa katikati, kwa hiyo inakaa juu ya mbao zake za kitanda bila kuchonga chochote. Ila kuna mtego na wauzaji hawausemi. Bloku za kuanzia 1986 zina sili ya nyuma ya kipande kimoja, kwa hiyo kitako cha krenki kimebadilika na balansi yake pia imebadilika, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) ya 283 haiingii hapo na hata ungelazimisha ingetetema vibaya mno. Agiza injini pamoja na flaiwili yake, usikubali mtu akwambie "tutahamisha ya zamani".

Kingine uliza mwelekeo wa kuzunguka KABLA hujalipa. Baadhi ya injini za zamani za boti zinazunguka kinyume na za gari, na kama giaboksi yako ni Velvet Drive ya moja kwa moja (1:1) propela inafuata injini ilivyo. Mwelekeo ukibadilika inabidi propela ya upande mwingine, pampu ya ndani ya giaboksi nayo igeuzwe ilingane, na boti ikirudi nyuma itavutia upande ambao mikono yako haijazoea, utaugusa ukuta wa gati siku ya kwanza tu watu wakiwa wanakutazama. Propela yenyewe lazima ibadilike hata kama mwelekeo ni uleule, nguvu imeongezeka kwa hiyo ile ya zamani itaiacha injini ipande mizunguko kupita kiasi. Injini nyingi za hivi ukikanyaga gesi mwisho zinatakiwa zifike kati ya 4,400 na 4,800 kwa dakika, soma kibati cha yako, ikipita hapo ongeza pichi ya propela (mwinamo wa mapanga), isipofika punguza.

Haya, sasa shafti. Watu wengi wanaharibu hapa halafu wanailaumu injini. Nyuso mbili za kaplingi, ya giaboksi na ya shafti, zinatakiwa zipishane si zaidi ya sehemu tatu za elfu moja ya inchi, yaani karibu milimita 0.08, unapima na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) pande zote nne. Kwenye fibaglasi unapima mara moja unaenda kulala. Mbao haiendi hivyo. Boti iliyokaa nchi kavu imekauka, ukiishusha inakunywa maji, mbao zinavimba zinabanana, mkuku na mataruma vinajipanga upya na umbo zima linahama kidogo, sasa ile alainimenti yako nzuri ya kwenye trela inakuwa hadithi. Funga kwenye trela kwa kukadiria tu, shusha boti, iache inywe mpaka itulie, halafu ndo upime tena ikiwa inaelea na urekebishe kwa nati za miguu. Usipofanya hivyo utakula bushi ya shafti na sili ya giaboksi na kila mtu ndani atahisi meno yanagonga. Fundi akikwambia haina haja ya kurudia majini mshukuru, tafuta mwingine.

Kuhusu kabureta au EFI (mafuta yanapulizwa na nozeli za umeme) najua kuna kelele nyingi. EFI inawaka vizuri asubuhi na inakula mafuta kwa adabu, sibishi. Lakini inataka pampu ya presha kubwa, mifumo mingi inataka na laini ya kurudisha mafuta, na tangi safi, na tangi la boti ya umri huu lina uchafu ambao kabureta na filta nzuri vinauvumilia ila nozeli hazitauvumilia. Kama unabadilisha tangi na laini zote chukua EFI. Kama hubadilishi, kabureta.

Nyota niliyokata ni ya vifaa vya pembeni. Muuzaji alinipa injini ya majini yenye altaneta ya gari. Inafanana kabisa, inachaji vizuri, na inaweza kukuua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kwenye ngama unakaa huko unasubiri cheche, ndo maana altaneta, stata na distribyuta za boti zinafungwa cheche isitoke nje, na kabureta inavalishwa kizuia moto badala ya filta ya hewa ya kawaida. Kagua kimoja kimoja hata kama boksi limeandikwa marine kwa herufi kubwa. Na feni ya ngama iwashe angalau dakika nne kabla ya kupiga stata, hiyo haina injini mpya wala ya zamani.

Kwa wale wenye boti za zamani zaidi, zile zilizokuja na injini ya Chris-Craft inayoitwa K, ya silinda sita ya hp 95, mimi ningewaambia msiweke hii kitu. Chini ya boti ile ilipigwa skrubu kwa ajili ya nguvu ile, ukiizidisha karibu mara tatu mbao zinaanza kuachia kwenye mataruma, na mwendo ukizidi umbo la chini linaifanya idunde omo juu chini juu chini, haivuti skii wala haifurahishi. Labda kama umeshajenga chini upya na skrubu za shaba nyeusi na gundi ya kisasa, na hata hapo ningeifufua upya K yenyewe.

283 yangu nimeijaza oili kwenye silinda, nikaziba matundu yote, iko kwenye stendi na kibati chake cha namba hakijaguswa. Siku nikiuza boti kuna mnunuzi wa aina fulani atauliza hiyo kwanza kabla hata hajauliza kama inatembea.