Google Trends kwa anayeandika Kiswahili: inafaa, ila isomwe kwa makini

Google Trends ni huduma ya bure iliyoanzishwa na Google mwaka 2006, nayo humwonyesha mwandishi maneno ambayo watu huyatumia wanapotafuta jambo mtandaoni, mahali walipo na majira wanayolitafuta. Kwa maoni yangu, anayeandika kwa Kiswahili aijaribu hii kabla ya kulipia zana nyingine yoyote, mradi aelewe inapima nini.

Haipimi idadi ya watu. Alama zake ni za kuanzia 0 hadi 100, na 100 ni kilele cha neno katika eneo na kipindi ulichochagua, hivyo mkoa mdogo unaweza kuipita Dar es Salaam kwa sababu tu neno hilo lina uzito mkubwa zaidi katika utafutaji wake wote. Anayempelekea mdhamini alama hizo kana kwamba ni hesabu ya wasomaji anampotosha. Alama ya 0 nayo haimaanishi kwamba hakuna aliyetafuta, bali kwamba data ni chache mno, jambo linaloweza kuyakumba maneno mengi ya Kiswahili ukichuja mkoa mmoja kwa kipindi kifupi. Panua kipindi: kumbukumbu zinaanzia mwaka 2004.

Kichujio cha nchi ndicho kilichonivutia zaidi. Chukua NHIF: nchini Tanzania ndiyo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilhali Kenya nayo ilikuwa na NHIF yake hadi SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi hiyo Oktoba 2024. Anayewaandikia Watanzania kuhusu bima bila kuchagua nchi atasoma mkondo uliochanganya watu wa mifumo miwili tofauti, na huenda akachapisha makala kwa sababu ya vuguvugu la Nairobi lisilowahusu wasomaji wake wa Mwanza.

Kasoro inayomgusa Mswahili hasa ni kwamba umoja na wingi huhesabiwa kama maneno mawili, na ngeli zetu hubadilisha mwanzo wa neno. Ukiandika "mkopo" pekee, waliotafuta "mikopo" hawamo. Andika "mkopo + mikopo", nao watajumlishwa. Unaweza kulinganisha hadi vitu vitano kwa pamoja, idadi ambayo naiona inatosha.

Yanayotafutwa ndani ya TikTok hayaonekani humu, wala yanayosambaa kwenye makundi ya WhatsApp, ingawa utafutaji wa YouTube umo. Mwenye tovuti iliyokwisha kupata wasomaji atanufaika zaidi na Search Console, huduma nyingine ya Google kwa wenye tovuti, ambayo pia ni ya bure na humpa hesabu ya mibofyo ya miezi 16 pamoja na maneno yaliyowaleta watu kwake.