Verni ipi kwa sakafu ya mbao Goma? Ya kununua na ya kuacha dukani

Ukiingia kenkayeri (maduka ya vifaa vya ujenzi) za mtaa wa Birere ukaomba verni ya sakafu, usikimbilie ile inayong'aa kama kioo. Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na vumbi lake jeusi linaingia ndani na kila kiatu. Chembe zake ni ngumu na hakuna verni isiyokwaruzwa nazo, ila penye mng'ao mkali kila mkwaruzo unaonekana toka mlangoni. Kwa hiyo nimezipanga, kuanzia ile bora, kwa kuangalia mambo mawili: sakafu itavumiliaje deki ya kila asubuhi, na itafufuliwaje ikichakaa. Uzuri wa siku ya kwanza nimeuweka kando.

Ya kwanza ni poliurethani ya mafuta, yenye mng'ao wa wastani. Kwenye kopo huandikwa «satiné». Nyumba yenye watoto na wageni inafaa hii. Maji yaliyomwagika unayafuta bila kuacha doa, na ngozi yake ni ngumu. Hutia mbao rangi ya asali: kwenye libuyu, mbao nyekundu, inapendeza sana, kwenye mbao nyeupe ya karatusi itategemea jicho lako. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikipakwa mikono mitatu, kopo la lita 4 linatosha. Mkono wa kwanza uulegeze kwa thina, kama sehemu moja kwa kumi. Mtu akikuambia petroli ni ileile, mwache aipake kwake. Koroga polepole kwa kijiti mpaka chini. Kopo halitikiswi, kwa sababu kutikisa huleta mapovu yanayokaukia kwenye mbao, na ule unga unaopunguza mng'ao hukaa chini mpaka kijiti kiufikie.

Kila mkono uache ukauke usiku mzima, na msimu wa mvua uongeze muda. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa laini, namba 220, kidogo tu, kisha ufute vumbi. Ukimaliza, viatu visipite kabla ya saa 24, kabati na vitanda visubiri siku tatu hivi, na deki ya maji isubiri juma zima. Ubaya wa verni hii ni harufu, na mvuke wake unashika moto. Mbabula (jiko la makaa) itoke nje kabisa, madirisha yafunguliwe, watoto walale kwa shangazi.

Ya pili ni poliurethani ya maji. Hukauka kwa saa 2 hadi 4, haina harufu kali, na haibadilishi sana rangi ya mbao. Kwa kawaida lita yake ni ghali kuliko ile ya mafuta, tena mkono wa kwanza huamsha nyuzi za mbao mpaka sakafu inakuwa na miba miba, nawe unalazimika kuilainisha kwa msasa. Lakini kama familia yote inaishi chumba kimoja na hakuna pa kuhamia, basi kwako hii ndiyo ya kwanza.

Ya tatu: mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Raha yake ni kwamba mkwaruzo unaurekebisha papo hapo bila kugusa sehemu nyingine ya sakafu. Ila maji yakilala juu yake yanaacha doa, na kazi ya kupaka hurudiwa mara kwa mara. Halafu kuna moto. Kitambaa kilicholowa mafuta haya kikikunjwa na kutupwa kwenye kona, hujipasha joto chenyewe mpaka kikawaka, bila kiberiti. Katika mitaa yetu ya nyumba za mbao zilizobanana, hilo si jambo la kuchezea. Kiloweke kwenye maji, au ukitandaze nje juu ya mawe kikauke. Kama fundi wako analicheka hilo, usimpe kazi hii.

Rangi ya sakafu ni ya nne. Huficha mbao mbaya, kisha huchubuka pale mnapopita kila siku. Laka ya samani ni ya tano: ni nyembamba mno, kwani imetengenezwa kwa meza, na meza haikanyagwi. Ya mwisho kabisa ni siraje, ile nta nyekundu ya sakafu za simenti: inateleza, inashika vumbi, na siku utakapotaka verni haitashika mpaka nta yote itoke. Mbao iliyolishwa oili chafu ya gari kuzuia mchwa ina shida hiyohiyo.

Pesa usizibane kwenye msasa. Kwa mbao tupu, kabla ya verni, anza na ule mkali wa namba 40 au 60, nenda 80, malizia 100 au 120, bila kuruka na kwa kufuata nyuzi. Kabla ya hapo vichwa vya misumari vizamishwe, la sivyo kila karatasi itachanika. Mbao zilizopinda zianze na randa. Kwa mashine, ningenunua ile ndogo ya duara inayozunguka huku ikitetemeka: ni ya polepole lakini inasamehe. Ya mkanda ni ya haraka, na mikononi mwa asiyeizoea huchimba mitaro. Mashine ya kukatia chuma iliyofungwa msasa ikatae, maana alama zake za nusu duara hujitokeza verni ikishapakwa.

Mbao mbichi zisubiri kwanza zikauke na kusinyaa, kwa sababu verni juu ya unyevu hubanduka. Dukani, omba kopo lifunguliwe mbele yako: likiwa na utando mzito juu, au verni ikiwa nzito kama uji, rudisha. Na makopo yote ya chumba kimoja yanunue siku moja, yenye namba ileile ya kiwandani.