Mechi ya machipuko Ohio Stadium: unanunua nini hasa ukienda kuangalia makwotabeki wakigombea namba

Nyota tatu na nusu kati ya tano, na nusu ya kufikisha nne imekosekana kwa kosa la watazamaji wenyewe. Anayeingia Ohio Stadium, Columbus, mwezi Aprili akitaraji mechi atatoka amenuna. Kinachouzwa pale ni zoezi la mwisho la majira ya kuchipua la timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Ohio State, lililofunguliwa milango. Ni kama Simba Day, ila timu ngeni haipo: kikosi kinajigawa na kucheza chenyewe kwa chenyewe.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengine yote. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaipa timu mazoezi 15 ndani ya siku 34. Ya kugongana hayazidi 12, na kati ya hayo, ya kuangushana chini kabisa hayazidi 8. Ya kucheza 11 kwa 11 mfululizo kama mechi ni 3 tu, na mechi ya machipuko inahesabiwa humo. Mengi ya yaliyobaki hufanyika kwenye jengo la Woody Hayes Athletic Center, ambako shabiki wa kawaida haingii. Kwa hiyo unapokaa jukwaani unaonja kijiko kimoja cha sufuria nzima, na mpishi ndiye aliyechagua kijiko.

Hiyo haijawahi kuwazuia watu. Mwaka 2016 waliingia 100,189 kuangalia zoezi hilo, katika uwanja unaobeba watu 102,780.

Mfano mzuri wa kupimia ni tarehe 12 Aprili 2025. Ohio State ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa taifa mwezi Januari kwa kuifunga Notre Dame 34-23, na kwotabeki wake (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Will Howard amemaliza muda wa chuo. Namba ikabaki wazi kwa vijana watatu: Julian Sayin (jezi 10), aliyekaa chuo cha Alabama siku chache tu kabla kocha wake Nick Saban hajastaafu, naye akahamia Columbus, Lincoln Kienholz (3), mwenye mguu mwepesi kuliko wenzake, na Tavien St. Clair (9), mwenyeji wa Bellefontaine hapo hapo Ohio, aliyejiunga na chuo Januari ile ile.

Sasa hapa ndipo bidhaa inapoonyesha kasoro yake kubwa. Kwotabeki huvaa jezi ya rangi ya pekee inayomaanisha "huyu haguswi". Mlinzi akimfikia, refa anapuliza filimbi na mchezo unakufa. Kwenye karatasi inaandikwa kaangushwa, lakini mara nyingi filimbi inachelewa, kijana anarusha, mpokeaji anadaka, uwanja mzima unanyanyuka. Pasi ile haipo. Kwenye mechi ya kweli angekuwa chini na mpira pengine umemtoka mkononi. Upande wa pili, kijana anayeishi kwa miguu yake anaibiwa: mtu kama Kienholz akichomoka kwenye mzunguko wa wazuiaji wake, anapigiwa filimbi baada ya yadi tatu ambapo msimu ukianza angepata kumi. Mfumo huu unampendelea mrushaji aliyesimama, na anayesoma takwimu za jioni hataliona hilo.

Dawa yake ni saa ya kuhesabia sekunde, hata ya simu. Bonyeza senta (mchezaji wa katikati anayeanzisha mpira) anaporusha mpira nyuma, bonyeza tena mpira unapotoka mkononi mwa kwotabeki. Sekunde 2.5 ni nzuri. Ikizidi 3, ifute pasi hiyo hata ikiwa imezaa tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), isipokuwa umeona kwa macho yako kwamba hakuna mlinzi aliyekuwa karibu naye. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi chora safu nne: nani yuko kwotabeki, wazuiaji watano waliomkinga ni wa kikosi cha kwanza au cha pili, sekunde, na matokeo. Safu ya pili ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo watu wasiyoijaza. Kijana aliyepata pasi 9 kati ya 12 nyuma ya wazuiaji wa kwanza, dhidi ya walinzi wa akiba, hajafanya zaidi ya mwenzake wa 6 kati ya 12 aliyepewa kinyume chake.

Kabla mpira haujaanza kuna mengine ya kutazama, na ni bure. Saa inatoa sekunde 40 za kuanzisha kila mchezo. Kwotabeki anayeujua mfumo wake anakuwa kwenye mstari zikiwa zimebaki 15 au zaidi. Anaangalia mabeki wawili wa nyuma kabisa, anamsogeza mchezaji mmoja, anaita. Asiyeujua anafika zimebaki 6, anageukia benchi mara mbili, kisha senta anarusha mpira mwenzake hajakaa sawa. Mgeni kama St. Clair wa 2025 utamtambua kwa hilo, na pia kwa helmeti: tangu enzi za kocha Urban Meyer, wageni wa timu hii wanabandikwa utepe mweusi katikati ya helmeti hadi wachezaji wenzao waridhike nao. Ukiona utepe, punguza ukali wa hukumu.

Kuhusu kiti: umati hukimbilia chini, pembeni mwa uwanja, katikati. Picha za simu zinatoka vizuri, lakini wachezaji wanafunikana na huoni nafasi kati ya walinzi. Panda juu, nyuma ya lango. Kutoka kule unaona alichokiona kwotabeki: beki gani ameacha upenyo, na mpira ulitoka kabla au baada ya mpokeaji kugeuka. Umbali wa pasi ndefu utakupotea, hiyo ndiyo gharama yake. Uwanja una umbo la kwato la farasi, upande wa kusini uko wazi kuliko mwingine, na Aprili ya Columbus haina huruma. Pasi ndefu ikiyumba, angalia bendera kabla hujamlaumu kijana. Koti la upepo ni lazima, hata asubuhi ikiwa na jua.

Chapisha orodha ya wachezaji. Vyuoni wawili wanaruhusiwa namba moja, mmoja mshambuliaji na mwingine mlinzi: mwaka 2024 namba 2 ilikuwa ya Emeka Egbuka na ya Caleb Downs kwa wakati mmoja. Bila orodha utamsifu asiyehusika.

Je, ukitoka uwanjani unajua nani ameshinda namba? Hapana. Mwaka 2024 Howard alitajwa Agosti. Mwaka 2025 pia jibu lilikuja Agosti: Sayin, ambaye alianza dhidi ya Texas, wakashinda 14-7, na Desemba akawa miongoni mwa wanne wa mwisho kuwania tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Onyo kubwa zaidi liko Alabama, Aprili 2018. Tua Tagovailoa na Jalen Hurts walikuwa wanagombania namba, Tua akaumia mkono na hakucheza mechi ya machipuko, na tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa Mac Jones ambaye hakuna aliyemhesabu. Msimu ulipofika akaanza Tua. Jones alisubiri hadi mwisho wa 2019, Tua alipoumia nyonga, na msimu wa 2020 akatwaa ubingwa.

Bidhaa yenyewe inaanza kuadimika. Nebraska na Texas hazikucheza mechi ya kawaida ya machipuko mwaka 2025. Kocha wa Nebraska, Matt Rhule, alisema wazi kwamba anaogopa kuwaonyesha wachezaji wake kwa timu zitakazowarubuni. Mwezi ule ule Nico Iamaleava aliondoka Tennessee katikati ya mzozo wa malipo, akaishia UCLA. Kuanzia 2026 dirisha la usajili la Aprili limefutwa, limebaki la Januari, kwa hiyo kijana aliyepitwa kwenye mazoezi ya machipuko hana tena mlango wa kutokea mwezi huo. Kwa mtazamaji hiyo ni nafuu: watatu unaowaandika daftarini Aprili, kwa kiasi kikubwa, ndio watatu utakaowakuta Agosti.

Fika mapema kuliko muda ulioandikwa kwenye tiketi. Makwotabeki hutoka kupasha moto kabla ya wenzao, na pasi zile za bila walinzi ndizo pekee siku hiyo ambazo wote watatu wanarusha umbali ule ule, kwa upepo ule ule.