Goma hadi Bukavu kwa lami ya ng'ambo: kaa kulia, lala Kibuye, kagua breki

Kwa anayetaka kuliona ziwa Kivu lenyewe, njia ya kuzungukia Rwanda inazishinda nyingine zote za kutoka Goma kwenda Bukavu. Ukipanda boti, milima unaiona kwa mbali. Barabara yetu ya upande wa Kongo, ya Sake, Minova na Kalehe, ni nzuri kwa macho, lakini sehemu yake kubwa ni udongo, na lori moja likikwama kwenye tope linafunga njia kwa kila mtu. Ng'ambo, yaani Rwanda, kuna lami ya zaidi ya kilomita 200: Rubavu, ambako sisi tunaita Gisenyi, kisha Rutsiro, Karongi yenye mji wa Kibuye, Nyamasheke, hadi Rusizi, yaani Cyangugu, mpakani na Bukavu. Ubaya wake ni kona. Kipande kilichonyooka ni cha kutafuta.

Kwa sababu ya kona hizo, usiifanye kwa siku moja. Inawezekana, kwa saa sita hivi za barabarani, lakini ongeza foleni za mipaka miwili na utafika Rusizi jioni, umechoka, ukikimbizana na saa ya kufunga mpaka. Ukilala Kibuye, kila siku inabaki na saa tatu hivi za gari.

Kiti kinahitaji kuchaguliwa mapema kuliko kitu kingine. Ukitoka Goma, ziwa liko kuliani safari nzima. Ukitoka Bukavu, liko kushoto, upande wa shofa. Chukua dirisha, mistari ya mbele, usikubali kiti cha juu ya gurudumu la nyuma: huko kila kona inakurusha mara mbili. Ondoka mapema. Asubuhi jua linatokea upande wa milima ya Rwanda, linamulika maji na kisiwa cha Idjwi, na ukuta wa milima ya Kalehe unaonekana hadi mikunjo yake. Kuanzia saa tisa alasiri jua linakuwa upande wa ziwa, kioo kinang'aa, na milima ya Kongo inabaki kivuli cha bluu. Picha za saa hizo hazifai.

Mpakani, kadi za njano ni mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya mtu. Nyingine ni ya bima ya COMESA, ya gari; bila hiyo bima yako ya Kongo haikulindi ng'ambo. Gari lenye namba ya Kongo linahitaji pia kibali cha forodha cha kuingia kwa muda. Asiye na gari hupitia Petite Barrière, mpaka mdogo wa Goma na Gisenyi, kwa miguu, akiwa na pasipoti au laissez-passer (hati ya kuvuka mpaka) ya CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi, kisha anapanda basi Gisenyi. Toa mifuko ya plastiki kwenye mizigo kabla hujafika: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na wanaikagua kweli. Angalia kalenda pia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi wa Rwanda, na magari husimama hadi karibu saa tano asubuhi.

Basi ni rahisi na salama. Lina kidhibiti mwendo kisicholiruhusu kupita kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo usimsukume dereva. Kasoro yake ni kwamba halisimami penye mandhari, na njia nzima hii ni mandhari. Ndiyo maana kwa watu watatu au wanne gari la kukodi pamoja na shofa linafaa zaidi, mradi mapatano yawe kamili. Uliza kama bei ina mafuta, kitanda na chakula cha shofa Kibuye, na kurudi kwa gari likiwa tupu. Hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi mwisho wa safari Kamembe, mji wa Rusizi, mizigo ikiwa tayari chini.

Kisha kagua gari mwenyewe. Tairi la akiba liwe na upepo, jeki iwepo, na breki zisiwe za kubahatisha. Miteremko ya Rutsiro ni mirefu, na shofa anayeshuka akiwa gia ya nne huku mguu haubanduki kwenye breki ataziunguza. Utasikia kwanza harufu kali, kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Baadaye pedali inalegea na kuzama. Dawa ni kusimama mahali pa wazi nusu saa, bila kumwagia magurudumu maji, kwa maana chuma cha moto kikipata maji ya baridi kinapinda au kupasuka. Shofa mzuri anashuka kwa gia ya pili au ya tatu, injini inalia, breki anazigusa kidogo kidogo tu. Jaza tangi Gisenyi na tena Kibuye.

Msimu wa mvua uheshimu. Mapema Mei 2023 mvua ziliua watu Rubavu, Rutsiro na Karongi, na siku hizo hizo vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, upande wetu wa Kalehe, vikazikwa na tope. Ukiona tope jekundu juu ya lami, mlima wa juu yako umeanza kusogea: usipaki hapo hata kwa picha moja.

Kibuye panastahili usiku wake. Jioni wavuvi wanatoka kwa mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, nyavu zikining'inia katikati, wakipiga makasia kwa wimbo. Wanafuata sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Waagize wakaangwe hapo hapo na ndimu na pilipili. Sambaza wabichi wakikaangwa wanakakamaa, tumbo halipasuki, na unawala na kichwa. Wakija wamelegea na kunuka mafuta ya jana, rudisha sahani. Kuna miezi uvuvi hufungwa ili samaki wazaane, na bei hupanda. Karibu na mji kuna KivuWatt, mtambo unaotumia methane ya vilindi vya ziwa kutoa megawati 26 za umeme. Gesi hiyo imelala chini sana, haimzuii mtu kuogelea juu. Cha kuogopa ni mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayoua, kwenye mashimo na mabonde ya nchi kavu karibu na Gisenyi, na mtu wa Goma analijua hilo.

Siku ya pili kona zinazidi, na Idjwi inakusindikiza kuliani kwa muda mrefu. Ili tumbo lisichafuke, kula mkate mkavu na tangawizi. Chai ya maziwa iache. Hapa ndipo penye vituo bora vya kusimama, juu ya ghuba za Nyamasheke, kati ya migomba na kahawa. Ntendezi unaingia barabara inayotoka msitu wa Nyungwe, malori yanaongezeka na shofa apunguze mwendo. Ukishuka kutoka Kamembe kwenda Ruzizi I, mpaka wa kuingilia Bukavu, mwambie asimame kabla ya daraja: Bukavu yote iko mbele, rasi zake zimenyooshwa majini kama vidole vya mkono.