Kozi ya wikendi ya madaktari bingwa wapya, Dar: nyota tatu na nusu

Jamani MMed (masomo ya ubingwa) nimemaliza, miaka mitatu wodini mgonjwa unamjua ila hakuna aliyekwambia fomu ya madai ya NHIF, bima ya afya ya taifa, ukiikosea hela huioni, basi nikajilipia hii kozi ya siku mbili. Jumamosi ilikuwa moto, dokta mmoja mtu mzima katupitisha usajili wa ubingwa pale Baraza la Madaktari Tanganyika, leseni, TIN (namba ya mlipakodi), halafu madai ya bima mstari kwa mstari. Jumapili mh, slaidi za "jenga brendi yako" tuuu. Mikataba ya hospitali binafsi wameigusa dakika kumi na ndo tulichofuata! Na ile saa nane usiku operesheni inakugomea na profesa wa kumpigia hayupo, kimya. Pilau lakini, acha kabisa.