Randa ya chuma namba 5 juu ya mbao zilizokwisha kutumika

Kwa takriban miaka miwili nimeitumia randa ya chuma namba 5, ile ya ukubwa wa kati yenye urefu wa inchi 14 na kisu chenye upana wa inchi 2, karibu kwa kazi moja tu: kusafisha mbao zilizong'olewa katika milango, sakafu na mapaa ya zamani. Watu wengi huijaribu randa juu ya ubao mpya ulionyooka, ambao chombo chochote kilichonolewa kitaulamba vizuri. Mbao kuukuu huficha misumari, mchanga na rangi iliyokauka, na kwa hiyo nilichotaka kujua zaidi ni kama randa hii inavumilia kufunguliwa na kufungwa tena mara kwa mara, maana kisu kitaharibika tu.

Muundo wenyewe ni wa zamani. Sehemu zake kuu zilibuniwa na Leonard Bailey wa Marekani katika karne ya 19, kampuni ya Stanley ikainunua biashara yake mwaka 1869, na tangu wakati huo viwanda vingi vimeunakili. Niliyo nayo ni mojawapo ya nakala hizo za bei nafuu, na kiwanda chake sitakitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika nakala nyingine za daraja lake.

Kasoro ya kwanza ilikuwa wayo, yaani uso wa chini wa randa. Nilipouwekea rula ya chuma nikaona mwanga ukipita katikati, mbele kidogo ya mdomo, ule upenyo ambamo kisu hutokeza, mahali hasa panapotakiwa kuukandamiza ubao. Nilibandika msasa juu ya kioo kinene nikausugua wayo, kisu kikiwa ndani kimefungwa lakini kimerudishwa juu, kwa sababu mkazo wa kukifunga hubadilisha kidogo umbo la mwili wa randa. Kazi hiyo ilikula alasiri nzima. Ya pili ni gurudumu dogo la shaba linalosogeza kisu: hulizungusha karibu mara mbili bila kitu kutokea, ndipo kisu kianze kwenda. Ulegevu huo haurekebishiki, huzoeleka tu, mradi fundi ajizoeze kumaliza kila marekebisho kwa kukisukuma kisu mbele na kamwe asimalizie kwa kukirudisha nyuma.

Sasa nije kwenye kisu, ambako ndiko thamani ya chombo hiki inakoonekana. Kabla ya kupiga randa mimi huupitisha ubao kwa brashi ya waya ili kuondoa mchanga, kisha sumaku, kisha vidole. Hata hivyo sumaku haioni msumari wa shaba, na siku moja, nikisafisha ubao wa sakafu, nilisikia mlio mfupi nikajua kabla sijaangalia. Pengo lilikuwa la karibu nusu milimita. Kwa mashine ya umeme, ajali kama hiyo huharibu seti nzima ya visu na inaweza kurusha vipande vya chuma. Kwa randa ya mkono, niliinua wenzo, ule mkono mdogo unaokifunga kisu, nikatoa kisu, nikakisaga kwenye jiwe la chembe kubwa, nikakinoa upya kwa digrii 30, na chini ya nusu saa nilikuwa nimerudi kwenye ubao uleule. Wenzo huo, unaofungua bila bisibisi, ndio sehemu niliyoishukuru kuliko zote.

Lakini chuma cha kisu kilichokuja nacho ni laini. Juu ya mti mgumu uliokauka kwa miongo mingi makali yake hujikunja baada ya dakika chache, na uso wa ubao huanza kufifia kabla mikono haijachoka. Nilinunua kisu cha pili cha chuma bora, nacho kiliigeuza randa kuwa kitu kingine kabisa. Kile cha kwanza sikukitupa: nimekinoa kwa mviringo kidogo, nacho hufanya kazi chafu ya kuondoa tabaka la juu, ambako hata kikikutana na msumari sitahuzunika. Kile kizuri huingia ubao ukishakuwa mweupe. Kwa mpango huo randa moja inafanya kazi ya mbili.

Penye mafundo, ambapo nyuzi za mbao hugeuka na kunyofoka, nimeona faida kubwa katika kulisogeza bamba linalokaa juu ya kisu hadi karibu theluthi moja ya milimita kutoka kwenye makali. Bamba lililokuja na randa halikukaa sawasawa juu ya kisu, maranda yakawa yanajikwamia katikati, hadi nilipolinyoosha ukingo wake kwenye kinoo.

Mbao zenye rangi ya zamani sizigusi kwa msasa, kwa kuwa huenda rangi hiyo ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake huvutwa kwa pumzi. Randa hutoa maranda badala ya vumbi laini, jambo ambalo ni nafuu, ila bado mimi huyakusanya yote, wala siyachomi.

Je, ningeinunua tena? Kwa mtu aliye tayari kutumia siku nzima kuitengeneza, ndiyo, ilimradi bei ya kisu cha pili aihesabu tangu mwanzo. Anayetaka kuitoa kwenye boksi na kuanza kazi siku hiyohiyo atafute randa ya zamani iliyotunzwa, ambayo wayo wake haukupinda na mdomo wake haukupasuka. Kutu ya juujuu isimtishe. Mpini wa plastiki wa hii yangu ulipasuka katika mwezi wa nne. Uliopo sasa niliuchonga kutoka kwenye kipande cha kizingiti cha mlango, na ndiyo sehemu pekee ya randa hii ambayo sijapata kuilalamikia.